Sindano Katika Mgongo wa Mama Mkwe

Ninyi vijana mnaoanza stage, mafunzo ya vitendo ya uuguzi, hapa Brussels, mkikuta mtu anazunguka chumba cha dharura ameinama, ameshika kiuno, hataki kukaa, hataki kulala, hataki hata kusimama, tafadhali msimwambie atulie. Mimi nilimwambia hivyo mgonjwa wangu wa kwanza wa jiwe la figo. Alinitazama kwa hasira ambayo sijaisahau, halafu akajilaza sakafuni, nusu ya mwili chini ya kitanda, akiwa na suti na tai. Alikuwa mwalimu wa hisabati. Mtu mwenye kidole tumbo kilichovimba hujikunja na kuogopa hata kukohoa. Mwenye jiwe lililokwama kwenye mrija wa figo hugaagaa, kwa sababu hakuna upande wa kulalia unaompa nafuu. Tofauti hiyo imenisaidia miaka yote, na nilijifunza kwa aibu, nikimvuta mwalimu wa watu miguu ili atoke chini ya kitanda.

Jina langu ni Désiré. Nilizaliwa Lubumbashi, nikafika Ubelgiji nikiwa tayari nina mke, nikaanza kwa kuosha wagonjwa na kubadilisha mashuka. Baadaye nilirudi shuleni kusoma uuguzi pamoja na vijana wadogo kwangu kwa miaka mingi, kisha nikakaa urgences, yaani chumba cha dharura, mpaka magoti yakagoma. Hospitali siitaji jina. Tramu ilipita mlangoni, na lifti yake ilikuwa na tabia ya kulala usingizi kati ya ghorofa mbili. Waliofanya kazi pale wameshaijua.

Nimeona mengi katika kazi ile, lakini kitu kilichonifanya nisimame mdomo wazi ni kimoja: sindano ya kuziba neva. Mtu anapiga kelele kwa ajili ya jiwe lililo ndani ya tumbo lake, daktari hagusi jiwe, hagusi figo, hagusi hata tumbo. Anaweka dawa ya ganzi mgongoni, kando ya uti wa mgongo, chini ya msuli, pale zinapopita neva zinazobeba habari za figo kwenda kichwani. Jiwe linabaki palepale. Habari zake ndizo zinazokatika. Nimeishika mikono ya watu wakati hilo linatokea, na hadi leo nikilieleza mwili unanisisimka.

Lakini nisikimbie. Kwanza niwaambie habari za Godelieve.

Godelieve alikuwa mwanamke Mflandria, Mbelgiji wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya sigara, muuguzi mkuu wa zamu nilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huo ndipo walipotuletea ile karatasi ya kupima maumivu kwa namba, sifuri mpaka kumi. Sifuri hakuna kitu, kumi ndiyo mwisho. Mimi niliipenda sana, nikaona sasa tumekuwa wataalamu. Siku moja nikamuuliza baba mmoja kutoka Likasi, aliyekuwa ameng'ata mto, ni ngapi kati ya kumi. Akajibu, "Dix-sept," yaani kumi na saba. Nikamweleza tena kwamba mwisho ni kumi. Akasema, "Bon, kama mwisho ni dix, andika dix, na ile sept ingine uniwekee fasi, pembeni."

Godelieve alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanivuta pembeni, akaniambia kwa Kifaransa chake cha Kiflandria: acha namba, tazama viatu. Alisema mwenye maumivu makali hajui kama ana viatu. Ametupa kimoja mlangoni, kingine kipo kwenye gari la wagonjwa, na hajali. Maumivu yakiondoka, kitu cha kwanza atauliza viatu vyangu viko wapi. Akiuliza hivyo, andika kwamba amepata nafuu, hata kama namba anayokupa bado ni nane. Nilidhani ni utani wa wazee. Nikaanza kutazama, na kweli, mmoja baada ya mwingine, waliopata nafuu waliinama kutafuta viatu, au waliuliza miwani, au walishusha shati lililopanda.

Siku hizo tulikuwa na nini cha kuwapa? Sindano ya kutuliza uvimbe, mofini, na chupa ya maji ya moto kiunoni. Ile sindano ya kwanza ni nzuri, na kwa wengi inatosha mpaka leo. Msije mkasema Papa Désiré katuambia tuitupe. Shida ilikuwa wale wasioruhusiwa kuipata: wenye vidonda vya tumbo, wenye figo dhaifu. Hao walibaki na mofini, na mofini iliwatapisha, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika beseni na kusema maneno ya kutia moyo ambayo mwenyewe sikuyaamini.

Halafu miaka ya 2010 ikaja mashine ndogo ya mawimbi ya sauti, ile ya kutazamia ndani ya mwili. Zamani ilikaa ghorofa ya pili, imefungiwa kama vikombe vya wageni. Sasa tukapewa yetu, yenye magurudumu. Na pamoja nayo akawa anashuka kwetu daktari wa ganzi, Dokta Hanne, msichana mwenye nywele fupi kama askari. Umri wake ungemtosha kuwa binti yangu, lakini mikono yake, Mungu wangu, ilikuwa haijui kutetemeka.

Mara ya kwanza aliponiita nimshikie mgonjwa, ilikuwa dereva wa teksi wa Saint-Josse, mtu mnene mwenye sharubu, ana kidonda cha tumbo. Alikuwa amepiga magoti, paji la uso juu ya kiti, analia kwa sauti na kumwita mama yake. Mimi kwa mazoea nilikuwa nimeshampa mofini, mara mbili. Tulimketisha ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mimi nikasimama mbele yake nikimshika mabega. Dokta Hanne akaweka kifaa mgongoni, akageuza kioo cha mashine ili nami nione.

Nikaona ngozi, mafuta, matabaka ya msuli, na chini yake mfupa mweupe unaong'aa. Nikaona sindano ikiingia, uzi mwembamba wa mwanga, ikishuka polepole mpaka ikagusa mfupa. Akasukuma dawa. Na pale kwenye kioo, mbele ya macho yangu, msuli ukanyanyuka kutoka kwenye mfupa kama mkeka unaoingiwa na maji chini. Nilisahau hata kupumua. Miaka yote ile nilikuwa nachoma watu sindano bila kuona dawa inakwenda wapi.

Baada ya dakika kumi yule baba aliacha kulia. Baada ya kumi na tano akaniuliza, "Chef, viatu vyangu umeviweka wapi?" Nilitaka kukimbia kumwambia Godelieve, nikakumbuka ameshastaafu. Nilistaajabu kiasi kwamba nilimwacha mgonjwa amelala vizuri, nikaenda chumba cha kahawa kuwasimulia wenzangu kana kwamba sindano niliichoma mimi.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nataka mlibebe bila kulifanya. Niliporudi, mashine ya kupima pumzi ilikuwa inalia, na yule baba anakoroma mkoromo mbaya, pumzi moja, kimya kirefu, pumzi nyingine. Mofini yangu ilikuwa bado mwilini. Muda wote maumivu yalikuwa yanashindana nayo na kumweka macho. Maumivu yalipoondoka, mofini ikabaki peke yake uwanjani, ikamlaza mpaka akaanza kusahau kupumua. Dokta Hanne akaja mbio, tukampa hewa, tukampa dawa ya kuiondoa nguvu mofini, akaamka amekasirika, anataka viatu vyake tena. Dokta Hanne hakunigombeza mbele ya watu. Koridoni ndipo aliponiambia: kabla ya sindano, uliza nini kimeshaingia mwilini, na baada ya sindano, usiende kunywa kahawa. Sikunywa kahawa wiki nzima, si kwa adhabu, ilikuwa haishuki tu.

Tangu siku ile nilimfuata Dokta Hanne kila aliposhuka, nikajifunza. Mgonjwa akikuambia mdomoni anaonja chuma, au masikio yanavuma, au midomo inawasha, paza sauti hapohapo, dawa imekwenda isikotakiwa. Mwenye jiwe na homa kwa pamoja, mkimbilie daktari wa mkojo kwanza, usaha umefungiwa ndani na sindano ya ganzi haitamwokoa. Na kubwa kuliko yote, upande. Dawa ya ganzi ina kipimo kulingana na uzito wa mtu. Ukiimaliza upande usiouma, huwezi kugeuka na kuanza upya upande unaouma. Utasubiri saa nyingi na mgonjwa atazisubiri akigaagaa. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe aweke mkono wake panapouma, kwenye mwili wake, ndipo tuchore msalaba kwa kalamu. Mimi ndiye niliyewafundisha kanuni hiyo wauguzi wote wa zamu yetu, na nilikuwa mkali nayo kuliko Dokta Hanne mwenyewe. Kumbukeni hilo mkisikia yanayofuata.

Sasa nije kwenye ile Jumapili.

Mama mkwe wangu, ambaye jina lake silitaji hata hapa, ni mtu wa upande wa Luapula. Kwao mkwe wa kiume hamtazami mama wa mke wake, hali chakula mbele yake, na mama naye haongei naye moja kwa moja. Heshima hiyo hufunguliwa siku mama anapompikia mkwe chakula maalumu, wazee wakiwa wameketi. Chakula chetu hakikupikwa. Mimi niliondoka Lubumbashi mapema, yeye akaja Brussels miaka mingi baadaye, na wazee waliopaswa kuketi walikuwa wameshazikwa. Basi yeye akaamua kwamba kisichofunguliwa kimefungwa. Miaka thelathini na moja ya ndoa yangu aliongea nami kupitia mke wangu, kupitia watoto, na kama hakuna mtu, kupitia vyombo. Akija kwetu Koekelberg, nilikuwa nasimama jikoni nimetazama chini, naye akiwa sebuleni anasema kwa sauti, "Frigo, umuambie baba ya batoto, mvula inakuya, achukue parapluie." Na mimi nachukua mwavuli, namjibu friji, "Merci, mama." Watoto wangu, waliozaliwa hapa, walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilimpenda yule mama, na ile ndiyo njia aliyonionyesha kwamba naye ananipenda.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Mke wangu Béatrice alikuwa Liège kwenye matanga. Jirani wa mama huko Molenbeek akamleta. Niliona kitenge kabla ya kumwona mtu: kitenge cha njano, na ndani yake mama mkwe wangu, kwa magoti na viganja juu ya kitanda cha magurudumu, anatikisika. Miguu yangu yenyewe ikarudi nyuma mpaka korido. Nikamwomba mwenzangu wa zamu abadilishane nami. Akanionyesha mlango wa pili, ambapo walikuwa wanapigania moyo wa mtu. Nikampigia mke wangu. Akasema, "Niko ku gare, train iko na retard, itachelewa. Désiré, maman yangu, usimuache vile. Mambo ya kuona haya tutaongea nyuma, akipona."

Hali ya mama haikuwa ya mchezo. Presha na sukari vilikuwa vimeziharibu figo zake, kwa hiyo ile sindano ya kutuliza uvimbe ilikuwa marufuku. Walimpa mofini kidogo, akatapika, akasinzia dakika mbili, akaamshwa na maumivu. Picha haikuwezekana, kwani hakuweza kulala tuli hata kwa kuhesabu kumi. Mkojo ulikuwa na damu, na faili lake lilisema ana vijiwe figo zote mbili. Daktari wa mkojo alikuwa chumba cha upasuaji na mtu mwingine, na angekaa humo saa mbili nzima. Homa hakuwa nayo, namshukuru Mungu. Lakini presha ilikuwa inapanda kila nikitazama: cent nonante, deux cents, deux cent dix, yaani mia moja tisini, mia mbili, mia mbili na kumi. Majira ya baridi yaliyotangulia alikuwa amepata kiharusi kidogo, mdomo ukapinda siku tatu. Nilichoogopa ni kwamba kichwa kingepasuka kabla jiwe halijasogea, na mimi nitasimama kwenye gare, kituo cha treni, kumpokea mke wangu nimwambie nini.

Daktari kijana wa zamu alitaka kuongeza mofini. Nikamkumbuka dereva wa teksi, nikasema hapana, figo hizi hazitaitoa mofini mwilini, tumwite Dokta Hanne. Akaitwa, akashuka kwa ngazi, maana lifti ilikuwa imelala.

Sasa tatizo la lugha. Kifaransa cha mama mkwe, ambacho sokoni kilimtosha kabisa, kilikuwa kimemtoka chote. Na mwenye Kiswahili kati ya wauguzi ni mimi. Nilikuwa nimesimama nimeugeukia ukuta, sijui nianzie wapi, alipopita Maman Zaina na ndoo yake. Maman Zaina ni wa Bujumbura, mfanya usafi wetu, mtu wa sala tano na utani mwingi. Mama mkwe aliona kilemba, akamdaka mkono.

"Maman, unasikia Kiswahili?"

"Naisikia, mama. Pole sana."

"Ubakie hapa. Umuambie ule muntu ya ku mulango, mi niko nakufa."

Ule mtu wa mlangoni ni mimi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Dokta Hanne anauliza kwa Kifaransa. Mimi nageuza kwa Kiswahili, nikimwambia Maman Zaina, ingawa mama mkwe ananisikia vizuri kabisa. Maman Zaina anayarudia maneno yaleyale. Mama mkwe anamjibu Maman Zaina. Mimi nasikia, lakini nasubiri Maman Zaina anirudishie, ndipo nimgeuzie Dokta Hanne.

"Mais pourquoi à trois?" akauliza Dokta Hanne, kwa nini tunaongea watu watatu.

"C'est ma belle-mère, Dokta." Nikamwambia ni mama mkwe wangu.

"Et alors?" Kwa hiyo?

Ningeanzia wapi? Nikamwambia tuendelee tu.

Akauliza upande gani unaouma. Swali likapita njia yake yote. Na mama mkwe, hata katika moto ule, hakuweza kushika kiuno chake mwenyewe mbele ya mume wa binti yake. Haikuwezekana. Badala yake alinyosha mkono, akamgusa Maman Zaina kiunoni, aliyekuwa amesimama ana kwa ana naye.

"Umuambie ni hapa. Hapa njo inanichoma."

Mimi macho yalikuwa chini, kama inavyotakiwa. Niliona tu mkono wake juu ya blausi ya kazi ya Maman Zaina.

"Papa Désiré, anasema hapa," Maman Zaina akanirudishia, akipiga palepale alipoguswa. "Kushoto."

"Gauche," nikasema. Dokta Hanne akachora msalaba kushoto. Mimi, mkali wa kanuni, mwalimu wa zamu nzima, sikusema mgonjwa aweke mkono wake mwenyewe. Nilikuwa na adabu mno siku ile.

Tukamketisha. Maman Zaina akashusha kitenge mgongoni, nami nikasimama mbele, nikamshika mabega, macho yangu juu ya kichwa chake, kwenye saa ya ukutani. Mikono yangu haikuwahi kumgusa yule mama, hata kwa salamu. Nilihisi mifupa yake midogo, nikaona haya na huruma kwa pamoja. Dokta Hanne akapaka dawa ya kusafisha, akaweka kifaa, akachukua sindano. Akauliza mara ya mwisho, kama tulivyozoea, ikiwa tumekubaliana ni kushoto, "Gauche, on est d'accord?"

"Oui."

Wimbi la maumivu likaja. Mama akajikunja mikononi mwangu, na akajikunja kulia. Nikamnyanyua. Likaja jingine, akaangukia kulia tena. Nimewashika watu wengi wenye mawe, na mikono yangu inajua jambo moja: mtu hujikunja kuelekea panapouma. Nikashusha macho. Miaka thelathini na moja, ndiyo mara ya kwanza nilimtazama. Chini ya kitenge niliona ngumi yake imejichimbia kiunoni, upande wa kulia.

"Stop!" nikapiga kelele. "Stop, Dokta! Usichome!"

Sindano ilikuwa haijagusa ngozi. Ilikuwa imebaki unene wa kidole.

Hapo akili ikanirudia. Alimgusa mtu aliyesimama mbele yake, uso kwa uso. Kulia kwake ni kushoto kwa Maman Zaina. Tungemaliza dawa yote upande usiouma, na mama angebaki na jiwe lake na presha yake mpaka jioni, na aliyesema "oui" ni mimi. Maman Zaina naye akaelewa, akajishika mdomo.

Nikasema, na sikumwambia ukuta wala friji, "Mama, niko naomba pardon. Weka mukono yako mwenyewe fasi inauma. Ku mwili yako, mama."

Maman Zaina akafungua mdomo kuyarudia, nikamtikisia kichwa. Mama alikuwa amesikia. Niliona shingo yake ikikaza, nikajua anapigana na kitu kilichokuwa kigumu kwake kuliko jiwe. Kisha wimbi likaja, akaachia pumzi, akauchukua mkono wangu kutoka begani kwake, akauvuta chini ya kitenge, akaubana kwa mkono wake pale panapouma. Kulia.

"Hapa, Désiré," akasema. "Hapa, mutoto yangu. Usiniache."

Sikujua kama analijua jina langu.

Dokta Hanne akafuta msalaba, akachora mwingine, akaanza upya. Mama akaweka paji la uso begani kwangu, na mimi nikamwelezea kila kitu moja kwa moja: sasa baridi, mama, sasa kama mbu anauma, sasa utasikia uzito, usishtuke. Kwenye kioo nikaona tena uzi ule wa mwanga ukishuka, mfupa mweupe, na msuli ukinyanyuka. Nilikuwa nimeuona mara nyingi wakati huo. Siku ile niliuona kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na nikaomba, mimi ninayeomba mara chache.

Tukasubiri. Ngumi zake mbili zilikuwa zimekamata blausi yangu ya kazi. Dakika tatu, hakuna kitu. Dakika tano, wimbi likaja, lakini dogo, mwenyewe akashangaa, akatulia kulisikiliza. Dakika ya nane kidole kimoja kiliachia blausi yangu. Kisha cha pili. Nilivihesabu. Vidole vya mwanamke wa miaka karibu themanini, vilivyotwanga na kubeba na kuzika, vinafunguka kimoja kimoja kifuani kwangu, na jiwe liko palepale ndani, halijasogea hata kidogo. Hata Dokta Hanne, aliyefanya kazi ile kila wiki, alikuwa ameshika sindano tupu anatazama tu. Presha ikasoma cent septante, mia moja sabini, halafu cent cinquante-cinq, mia moja hamsini na tano.

Akainua paji la uso kutoka begani kwangu. Akatazama blausi yangu, akatazama mikono yangu ilipo, akatazama alipo yeye. Halafu akavuta kitenge mpaka shingoni, akakivuta zaidi mpaka kikamfunika kichwa, akageuza uso ukutani.

Nikadhani ni kiharusi. "Mama?" nikaita. Hakujibu. "Mama, unanisikia?" Hakujibu. Dokta Hanne akainuka.

Kutoka ndani ya kitenge ikatoka sauti, ya kawaida kabisa, sauti ya sebuleni kwangu Koekelberg.

"Maman Zaina."

"Eeh, mama."

"Umuambie ule muntu atoke. Anaangalia mugongo yangu sababu ya nini?"

Maman Zaina akanigeukia, mwaminifu mpaka mwisho, ingawa machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka. "Papa Désiré, anasema utoke."

"Qu'est-ce qu'elle dit?" akauliza Dokta Hanne, anasema nini.

"Elle va bien," nikasema, yaani hajambo.

Nikamwomba Maman Zaina akae naye, Dokta Hanne naye akabaki pale kutazama pumzi. Mimi nikatoka kinyumenyume, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa kutoka. Baadaye mchana walimpiga picha akiwa amelala tuli, daktari wa mkojo akamwekea mrija wa kupitisha mkojo, na Béatrice akafika na koti lake mkononi, akamkuta mama yake anauliza kama kuna mtu amenipa mimi chakula. Lakini hayo yalikuja baadaye. Kwanza nilisimama pale korido, sikwenda kwenye kahawa, mlango nimeuacha wazi kidogo nisikie anavyopumua. Nikafungua faili lake, nikamkumbuka Godelieve na habari za viatu. Mahali pa namba ya maumivu niliandika sifuri, na sikumuuliza mtu.